Kuhesabu Umri kwenye Magenge ya Kirthar

Neno la kwanza tulilosikizana mimi na Chacha lilikuwa darubini. Alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa jabali, macho yake ng'ambo ya korongo. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akasema, "Durbin." Nikaivua shingoni nikampa. Ilipita kama dakika nzima ndipo nikatambua kwamba dereva wetu, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, hakuwa amefungua mdomo.

Siku zilizofuata tuliishi kwa maneno ya namna hiyo. Bunduki kwake ni "banduq". Hewa ni "hava". Subira ni "sabr". Na umri, neno lililoninyima usingizi kuliko yote, ni "umr". Kiurdu na Kiswahili vimechota Uarabuni na Uajemi kwa karne nyingi, na huko juu ya mawe, watu wawili wasiojua lugha ya mwenzake wakajikuta wana msamiati wa kutosha kuwinda.

Chacha maana yake baba mdogo. Kijiji kizima humwita hivyo, nami nikafuata. Yeye aliniita "ada", kaka, kwa Kisindhi. Tulikuwa milima ya Kirthar, inayotenganisha majimbo ya Sindh na Balochistan kusini mwa Pakistan, mwezi wa Januari. Tulitoka Karachi kwa barabara kuu ya Hyderabad, tukaiacha tukielekea Thana Bula Khan, na baada ya hapo lami ikawa hadithi. Dereva wetu alikuwa Msheedi wa Karachi. Masheedi ni watu wenye asili ya Afrika, na wengi wao wazee wao walivushwa bahari kutoka pwani yetu. Aliposikia natokea Afrika Mashariki alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, asiuachie mpaka chai ilipoletwa. Sitalisahau hilo, ingawa si ndilo lililonikalisha kuandika.

Kazi yangu ni utalii wa uwindaji. Nimeanza nikiwa mpagazi, nikawa mfuata nyayo, na sasa naongoza wageni. Mmoja wa wageni hao, mzee ambaye tumewinda naye misimu mingi, ndiye aliyenitaka nifuatane naye Sindh niwe jicho lake la pili. Nilikubali haraka. Nilijiona mtu anayejua. Lakini nyikani mnyama hukuandikia mchangani alikopita na saa aliyopita, wewe unasoma tu. Mwamba wa Kirthar haushiki wayo. Asubuhi ya kwanza nilitembea nimeinamisha kichwa kwa mazoea, nikitafuta alama ardhini, hadi Chacha akaniinulia kidevu kwa kidole chake kimoja na kukigeuza kuelekea kwenye magenge.

Mnyama mwenyewe wauzaji wa safari humwita ibeksi wa Sindh. Kwa wataalamu ni Capra aegagrus, yaani mbuzi mwitu hasa, jamii ileile iliyofugwa na binadamu kiasi cha miaka 10,000 iliyopita kwenye milima ya Zagros huko Iran, ikatuzalia mbuzi tunaowajua wote. Kwa hiyo tunapomwita mbuzi mwitu hatukosei hata chembe. Jike lake ukilitazama kwa mbali utasema limepotea kwenye zizi la mtu. Beberu ni habari nyingine. Akikomaa mwili wake hugeuka rangi ya majivu yenye kung'aa, karibu na fedha, na weusi hushuka kutoka usoni, ukapita kwenye ndevu, ukatanda kifuani na kufunga begani kama mkanda. Pembe zimebanwa ubavuni kama upanga, zina makali upande wa mbele, na hupinda kwenda nyuma kwa mviringo mmoja mrefu usiojisokota. Kwa beberu mkubwa hupita mita moja. Akigeuza kichwa kutazama bondeni, ncha zake zinakaribia kumgusa mgongoni.

Watu wakisikia Pakistan na mbuzi wa milimani hufikiria theluji. Theluji iko kaskazini, Gilgit-Baltistan, anakoishi ibeksi wa Himalaya, na huko mwindaji hupanda zaidi ya mita 3,000 akihema kama mgonjwa. Kirthar ni jangwa la chini. Sehemu tulizowinda zilikuwa vilima vya mita mia kadhaa tu, chokaa tupu iliyokatwakatwa na mvua chache za kiangazi, na huku chini migunga, mswaki na vichaka vya mnyaa visivyo na jani. Mtu anaweza kudanganyika akaona ni rahisi. Mwinuko ni mdogo, lakini kila hatua ni ya mikono na miguu, jiwe lina meno, na likivunjika chini ya kiatu chako linaporomoka kwa kelele inayosikika korongo zima. Siku ya pili viganja vyangu vilikuwa vimechanika kama vya mtu aliyevuta kamba ya jahazi bila kuzoea. Chacha alipanda kwa kandambili.

Kazi yenyewe, ukiitazama, ni kukaa. Tuliondoka kambini gizani, tukafika kwenye kituo cha kutazamia kabla ya jua, tukalala kifudifudi na kupekua genge la ng'ambo kwa darubini, ufa kwa ufa, kivuli kwa kivuli. Mbuzi hawa hula asubuhi na jioni, na jua likikaza hujilaza kwenye vibaraza vya mwamba ambako rangi yao na ya jiwe ni moja. Unaweza kutazama sehemu ileile mara kumi, na mara ya kumi na moja jiwe likatikisa sikio.

Halafu kuna hewa. Hapa nilijifunza upya nilichodhani nakijua. Usiku korongo hupoa, na hewa baridi huteremka kama maji. Jua likishapasha mawe, hewa hugeuka ikaanza kupanda. Mbuzi mwitu amezoea hatari itokayo chini, macho yake yako bondeni, kwa hiyo njia nzuri ya kumfikia ni kumtokea juu. Lakini ukimtokea juu alfajiri, harufu yako inateremka moja kwa moja puani mwake. Inabidi usubiri hewa igeuke. Chacha alikuwa na kitambaa chake cha kichwani kilichochakaa, akachomoa uzi mmoja, akauning'iniza kati ya vidole viwili. Uzi ulielea kuelekea bondeni. "Hava," akasema, akatikisa kichwa. Tukakaa. Baada ya nusu saa akauning'iniza tena. Ukasimama wima, ukayumba, kisha taratibu ukainuka kuelekea kwetu. Ndipo akanyanyuka.

Siku ya pili saa tatu asubuhi alitokea beberu ambaye kila mwindaji humwota. Alisimama kwenye pua ya jabali, mita kama 250, ubavu wote wazi, jua likimpiga kwenye ule ufedha wake. Pembe ndefu, ncha zote mbili nzima. Mgeni wangu alikuwa ameshalaza bunduki kwenye begi, pumzi ameshaituliza. Nikamtazama Chacha nikisubiri aitikie. Akachukua darubini, akatazama kwa muda uliotosha mtu kunywa kikombe cha chai, akaishusha.

"Umr," akasema, akainua vidole saba.

Mgeni wangu hakuelewa, au alielewa akakataa kuamini. Aliuliza kwa mnong'ono ikiwa mnyama haruhusiwi. Anaruhusiwa, dereva akatafsiri, kibali hakisemi chochote juu ya huyu hasa. Lakini Chacha anasema ni kijana. Ndiye anayepanda majike miaka hii, na miaka mitatu ijayo bado atawapanda. Kuna wazee. Tuwatafute.

Sitaficha kwamba nilimwonea huruma mgeni wangu. Alikuwa amelipa pesa nyingi kuja pale, na wakala aliyemuuzia safari, ambaye simtaji, alikuwa amemwahidi inchi. Neno lenyewe ndilo hilo: inchi. Barua zake zote zilikuwa za inchi za pembe, urefu huu umehakikishwa, zaidi ya hapo utafurahi. Mimi nalichukia hili kwa moyo wangu wote, na nalichukia nyumbani kama nilivyolichukia Sindh. Ukimuuzia mtu inchi, umemfundisha kupiga beberu aliyeko kwenye ubora wake, aliyekua haraka na mwenye afya kuliko wenzake, siku ileile kundi linapomhitaji. Mzee aliyemaliza kazi, ambaye pembe zake zimekwanguka miambani na kuvunjika, anaachwa kwa kuwa hajafika kipimo. Ni kama kuvuna shamba kwa kung'oa mbegu.

Mbuzi mwitu anaweka hesabu ya miaka yake kichwani waziwazi. Pembe hukua kila mwaka, na ukuaji unapopungua huacha mfereji mwembamba unaoizunguka, tunaouita pete. Wengi hukosea wakahesabu yale manundu ya mbele. Manundu hayasemi kweli. Pete za kweli husomwa ubavuni na nyuma ya pembe. Mwaka wa kwanza uko nchani, miaka ya ujana ina vipande virefu, na kadiri anavyozeeka vipande vinafupika na kusongamana karibu na shina. Kwa hiyo mzee utamjua kwa pete zilizobanana pale pembe inapotoka kichwani, hata kama pembe yenyewe si ndefu. Kumsoma hivyo kwa mita 250, mnyama akiwa hai na anatafuna, ni elimu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Usiku ule kambini nilimwomba dereva amuulize Chacha alijifunzia wapi. Akasema alianza kwa kukosea.

Ujanani aliwinda bila kibali, kama baba yake na kama vijana wote wa pale. Mbuzi alikuwa kitoweo, yeyote aliyesimama karibu ndiye aliyepigwa, jike au kitoto. Wakapungua mpaka mtu anatembea siku mbili hajaona hata kinyesi. Hifadhi ya Taifa ya Kirthar ilitangazwa mwaka 1974, na miaka hiyohiyo ya 1970 mtaalamu wa wanyamapori George Schaller aliwachunguza mbuzi hawa kwenye vilima vya Karchat. Lakini Chacha hakusimulia habari za hifadhi wala za wataalamu. Alisimulia siku mzee wa kijiji alipowakusanya na kuwaambia kwamba beberu mmoja mzee akipigwa na mgeni mwenye kibali, kijiji kitapata pesa kuliko mbuzi wote waliowala tangu wazaliwe. Akapewa kazi ya kulinda. Aliwalinda dhidi ya binamu zake mwenyewe, na mmoja hakusema naye kwa miaka.

Jambo hili si la Kirthar peke yake. Kule Torghar, Balochistan, katikati ya miaka ya 1980, viongozi wa kabila waliamua kuwaajiri wawindaji wa eneo lao wawe walinzi, mishahara ikitoka kwenye malipo ya wageni wachache. Markhor wa huko, mbuzi mwitu wa jamii nyingine mwenye pembe zilizojisokota, walikadiriwa kuwa hawafiki 100. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamepita 1,000. Katika mpango wa markhor, asilimia 80 ya malipo ya kibali hurudi kwa jamii, na malipo yenyewe si madogo: mwaka 2019 Mmarekani mmoja alilipa dola 110,000 kwa markhor mmoja wa Gilgit-Baltistan. Kibali cha mbuzi wa Sindh hakikaribii bei hiyo. Hata hivyo kwa kijiji chenye kisima kimoja ni pesa inayoonekana. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema sisi, na pale niliona maana yake: pampu mpya ya maji, na walinzi wanaolipwa mwaka mzima.

Najua wapo watakaosoma hapa na kusema mnyama hapaswi kuuawa kabisa. Siwadharau. Nami huwa nanyamaza kila mnyama anapoanguka, na siku nitakayoacha kunyamaza nitaacha kazi. Ninachosema ni kwamba nimeona wazee wa kijiji wakiwaondoa mbuzi wao wa kufugwa kwenye korongo la mwitu kwa hofu ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa unaoruka kutoka zizini hadi mwambani, na hakuna mtu anayehangaika hivyo kwa mnyama asiye na thamani kwake.

Siku ya tatu nilikosea mimi.

Tulimpata beberu mzee alasiri, chini yetu kabisa, kwenye kibaraza kilichochomoza juu ya bonde. Chacha alitazama, akaitikia: "Umr thik." Umri sawa. Kazi yangu ilikuwa kutaja umbali. Kipima umbali kikaonyesha namba mbili, kama vionyeshavyo vifaa vya siku hizi: 320 juu, 262 chini yake. Nikasoma ya juu. "Mia tatu ishirini," nikamwambia mgeni wangu, naye akarekebisha lenzi yake, akashusha pumzi, akafyatua.

Risasi ikapita juu ya mgongo. Nililiona vumbi likiruka kwenye mwamba nyuma yake.

Aliye kwenye kazi hii ameshajua nilichofanya. Ukipiga kwa mteremko mkali, mvutano wa dunia hauihesabu risasi kwa urefu wa mstari wa jicho, unaihesabu kwa umbali wa mlalo. Pembe ya mteremko ilikuwa kama digrii 35, na mita 320 za jicho zilikuwa 262 tu za risasi. Bunduki iliyopangwa kwa 320 ikarusha shubiri moja juu zaidi ya ilivyotakiwa. Namba sahihi ilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye kioo kilekile. Miaka yote nimewinda uwandani ambako namba hizo mbili ni moja, na jicho langu likaenda lilikozoea.

Mwangwi uligonga kuta zote za korongo na mbuzi wakasimama, hawakujua sauti imetoka wapi. Mgeni wangu angeweza kupiga tena. Chacha akaweka kiganja juu ya mtutu. Kundi likapanda genge lililo wima kama ukuta, mtu usiamini, vitoto vikifuata mama zao, likatoweka. Kisha Chacha akateremka hadi kwenye kile kibaraza, saa nzima ya kushuka, akapiga magoti na kupekua jiwe kwa jiwe akitafuta tone la damu. Vijana wawili wakafuata njia waliyopita. Hakutaka kusikia kwamba niliona vumbi. Beberu aliyejeruhiwa akiachwa, alisema, kibali kimekwisha na dhambi imebaki. Walirudi usiku. Hakukuwa na damu. Sikula.

Chacha alinisogezea chapati kwa nguvu, akasema neno moja, "sabr", na hakulitaja kosa langu tena hadi tulipoagana.

Siku ya tano asubuhi, hewa ikiwa imeshageuka, tulimtokea kwa juu beberu aliyelala peke yake chini ya ufa. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imevunjika nchani. Mgeni wangu alimtazama kwa muda mrefu kwenye darubini. Nilijua anapima inchi alizoahidiwa, na nilijua zimepungua. Sikusema kitu, maana haikuwa haki yangu kusema. Mwishowe akamgeukia Chacha, si mimi, akauliza kwa neno lake, kwa matamshi mabaya kabisa: "Umr?"

Chacha akafungua vidole vyote kumi.

Kuna jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi. Mgeni wangu si Mwislamu, na kijiji ni cha Waislamu. Mnyama akifa kwa risasi yake kabla hajachinjwa, kwao ni kibudu, na nyama yote inakwenda bure. Kwa hiyo kabla ya mlio, kijana mmoja alikuwa ameshateremshwa kwa mzunguko mrefu, amejibanza nyuma ya jiwe si mbali na yule beberu, kisu kiunoni. Nilisoma namba ya chini: 190. Nikairudia mara mbili. Bunduki ikalia, beberu akainuka nusu, akaketi tena. Yule kijana aliruka kutoka jiwe hadi jiwe juu ya shimo ambalo mimi nisingelivuka kwa kutambaa, na tukasikia sauti yake ikipanda korongoni, Bismillah, Allahu akbar. Akamwahi.

Tulipofika, Chacha alimfumba macho yule mnyama kwa kiganja, kisha akamfungua mdomo kunionyesha. Meno ya mbele yalikuwa yamelika karibu ya ufizi. Mwingine kama huyo, alisema dereva akimtafsiria, hufa kwa njaa kiangazi kikiingia, polepole, huku amesimama.

Akaketi chini, akampakata kichwa, na tukahesabu. Aliweka ukucha wa gumba kwenye kila mfereji wa pembe ya kulia, akianzia nchani, akisema kwa Kisindhi, nami nikifuata kwa Kiswahili. Vipande vya kwanza vilikuwa virefu, kidole changu kizima kilizama kati ya pete na pete. Kuanzia ya saba ukucha ulikuwa unasogea kidogo tu. Tulimaliza kwenye kumi. Kwenye pembe ya kushoto tukapata tisa, na Chacha akagusa ile sehemu iliyovunjika, akafungua mkono mtupu: mwaka wa kwanza uliondoka na ncha.

Mgeni wangu aliomba ahesabu na yeye. Alivua glavu.

Nyama ilishuka kijijini usiku huohuo, mafungu kwa mafungu, na sehemu ya kwanza ikapelekwa nyumba ya yule binamu. Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa limeshawashwa, Chacha alisimama pembeni akitazama juu kwenye magenge. Akanyoosha mkono bila kugeuka. Nikampa darubini. Alipekua taratibu, akasimama mahali fulani, akanivuta bega na kunirudishia. Pale kwenye pua ya jabali, ubavu wazi, jua likimpiga, alikuwa yule wa siku ya pili, majike manne nyuma yake.

Chacha akainua vidole saba. Halafu akaongeza vitatu, kimoja kimoja, akinitazama usoni ahakikishe nimehesabu.